Kompyuta ya Mezani ya Mwanafunzi Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa mwanafunzi anayesoma na kuandika kwa kompyuta ya mezani nyumbani, iwe yake peke yake au ya familia nzima, na ambaye hana fundi wa kumwita kila jambo linapotokea. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine. Msimamo unaoongoza majibu yote ni kwamba kifaa chochote kilichomo ndani ya kasha hununuliwa tena, lakini tasnifu iliyoandikwa kwa miezi haiuzwi dukani. Kwa hiyo kila ushauri umepimwa kwanza kwa usalama wa kazi ya mwanafunzi, ndipo kwa maisha marefu ya mashine.

## Mambo ya msingi

1. Wenzangu wengi wana kompyuta za kupakata. Je, ya mezani bado inafaa kwa masomo?

Inafaa sana, hasa kwa mtu anayefanya sehemu kubwa ya maandishi yake akiwa nyumbani. Skrini yake huinuliwa hadi kimo cha macho, kibodi husogezwa mikono inapopata raha, na sehemu zake nyingi hubadilishwa mojamoja bila kutupa mashine nzima. Upungufu wake ni kwamba haibebeki, na kwamba haina betri, hivyo umeme ukikatika kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea papo hapo (tazama swali la 18).

2. Matunzo ya lazima ni yapi, na yafanywe lini?

Kila siku, hifadhi kazi mara kwa mara unapoandika. Vibonye vya Ctrl na S viwe mazoea ya mkono. Kila wiki, tengeneza nakala rudufu na uruhusu masasisho ya usalama yakamilike. Vumbi la ndani ya kasha huondolewa mara mbili kwa mwaka katika chumba cha kawaida, na mara nyingi zaidi ikiwa chumba kina zulia, paka, moshi au dirisha linaloelekea barabara ya vumbi.

Muhimu kuliko idadi ya mara ni kuyafuata matunzo kwa kalenda ya masomo. Kazi yoyote inayogusa ndani ya kasha au inayobadilisha mfumo endeshi ifanywe mwanzoni mwa likizo, na iachwe kabisa katika wiki mbili au tatu zinazotangulia mitihani au siku ya kuwasilisha kazi kubwa. Masasisho ya kawaida ya usalama hayaingii katika katazo hili. Yanayoingia ni kuhamia toleo jipya la mfumo, kubadilisha diski, na hasa kusasisha BIOS, ile programu ndogo iliyomo kwenye ubao mama (ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za ndani), kwa kuwa umeme ukikatika wakati inaandikwa upya, mashine inaweza kukataa kuwaka kabisa.

3. Je, niizime kila usiku au niiache imelala?

Njia zote mbili hazina madhara kwa mashine. Tofauti ni kwamba kompyuta iliyolala huweka kazi zako kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo husahau kila kitu umeme unapokatika; penye umeme usiotabirika ni heri kuzima.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Katika Windows 10 na 11, mashine nyingi zimewekwa ili ziwake haraka, na kwa ajili hiyo amri ya kuzima huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo kwenye diski na kuirudisha asubuhi. Ndiyo maana hitilafu ndogo huweza kubaki hata baada ya kuzima na kuwasha. Amri ya kuwasha upya hupakia mfumo kuanzia mwanzo, na ndiyo inayopaswa kujaribiwa kwanza printa inapokataa au sauti inapopotea.

4. Kasha na skrini viwekwe wapi?

Kasha lisikae juu ya zulia wala ndani ya kabati lililofungwa, na upande wa nyuma ubaki na nafasi ya kutosha kupitisha kiganja, kwa sababu hapo ndipo hewa ya moto hutokea. Ukingo wa juu wa skrini uwe karibu na usawa wa macho, nayo ikae umbali wa mkono ulionyooshwa. Anayesoma kwa saa nyingi ainue macho kila baada ya dakika 20 na kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20.

## Kazi za masomo na nakala zake

5. Nipange vipi mafaili yangu ili nisipotee?

Folda moja kwa kila mwaka wa masomo, ndani yake folda kwa kila somo, inatosha. Andika tarehe mwanzoni mwa jina la faili kwa kutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano 2025-03-14, kwa kuwa kompyuta ikipanga majina kwa alfabeti yatajipanga pia kwa wakati. Epuka majina kama «mwisho» na «mwisho kabisa». Baada ya mwezi hakuna anayekumbuka lipi lilimfuata mwenzake.

6. Nakala ngapi zinatosha? Nikitumia Google Drive, si nimeshamaliza?

Kanuni inayokubalika sana ni ya nakala tatu: ya kazi yenyewe na nyingine mbili, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na angalau moja ikae mbali na nyumba. Kwa mwanafunzi hii humaanisha diski ya kompyuta, diski ya nje inayochomekwa kwa USB, na akaunti ya hifadhi ya mtandaoni.

Hifadhi ya mtandaoni peke yake haitoshi, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kuoanisha. Ukilifuta faili nyumbani, hufutika pia kule. Ukilivuruga, mvurugiko nao hupanda. Ni kweli kwamba Google Drive huweka vilivyofutwa kwenye pipa kwa siku 30, lakini mwanafunzi mara nyingi hugundua upotevu muhula unapokwisha, siku hizo zikiwa zimepita.

Diski ya nje nayo ina sharti lake: ichomolewe mara tu kunakili kunapokwisha. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hushambulia kila diski vinayoikuta imeunganishwa, na umeme uliopanda ghafla hufanya vivyo hivyo. Mwisho, nakala ambayo haijawahi kufunguliwa si ya kuaminiwa. Mara moja kwa muhula, chukua mafaili machache kutoka kwenye nakala uyafungue kwenye mashine nyingine.

7. Nimefuta faili kwa bahati mbaya. Nifanye nini?

Tazama kwanza pipa la taka la kompyuta, kisha pipa la hifadhi ya mtandaoni, kisha orodha ya matoleo ya zamani ya faili hilo ikiwa liliandikwa kwa programu inayoyahifadhi. Kama halimo kote huko, acha kuitumia diski hiyo mara moja, na usisakinishe juu yake programu ya kurejesha mafaili. Diski ya sahani zinazozunguka, unapofuta, hutangaza tu kwamba nafasi iko wazi, na maandishi hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa SSD, yaani diski isiyo na sahani wala kitu kinachozunguka, matumaini ni madogo zaidi, kwa sababu mfumo huiagiza isafishe nafasi zilizoachwa, na mara nyingi husafishwa upesi.

8. Mpangilio wa kazi yangu huvurugika nikiifungua kwenye kompyuta nyingine. Kwa nini?

Mara nyingi ni fonti. Kompyuta ya pili isipokuwa na fonti uliyotumia, huweka nyingine yenye upana tofauti, mistari ikasogea na majedwali yakahama kurasa. Kuandika kwa programu moja na kufungua kwa nyingine huzidisha tatizo, hasa kwenye milinganyo ya hisabati. Wasilisha kwa PDF, ambayo hubeba fonti zake ndani, na ubaki na faili la asili kwa marekebisho. Ifungue PDF hiyo na kuipitia ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuituma.

9. Flashi inasema faili ni kubwa mno ilhali ina nafasi tele. Imeharibika?

Haijaharibika. Imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja linalofikia GB 4. Iumbize upya kwa exFAT, ukikumbuka kwamba kuumbiza hufuta vyote vilivyomo.

## Usafi na joto

10. Ninawezaje kuondoa vumbi ndani ya kasha bila kuharibu kitu?

Zima kompyuta, chomoa kebo ya umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Peleka kasha mahali penye hewa, uliweke juu ya meza, na ufungue ubavu. Kwenye makasha mengi ni ule wa kushoto ukilitazama kwa mbele. Kabla ya kugusa chochote, shika chuma kitupu cha kasha, na urudie kila baada ya muda mfupi, kwa kuwa umeme tuli wa mwili usiouhisi hata kidogo unaweza kuua chembe za RAM.

Tumia kopo la hewa iliyobanwa au bloa ndogo, ukipuliza kwa vipindi vifupi kutoka ndani kuelekea nje. Kopo lishikwe wima, la sivyo litatema kimiminika baridi. Kila feni izuiwe kwa kidole wakati inapulizwa. Ikiachwa izunguke kwa kasi ya upepo, beari zake huweza kuumia. Vumbi zito hujificha kati ya feni ya kichakataji na mapezi ya chuma yaliyo chini yake, na hapo ndipo pa kutumia muda mwingi, kwa brashi laini iliyo kavu ikihitajika. Mashine ya nyumbani ya kufyonza vumbi isiingizwe ndani ya kasha, maana mdomo wake wa plastiki huzalisha umeme tuli.

Pawasaplai, yaani kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani, isifunguliwe kwa hali yoyote. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya kebo kuchomolewa. Ipulize kupitia matundu yake tu.

11. Kompyuta hujizima yenyewe nikifanya kazi nzito. Ni joto?

Kuna uwezekano mkubwa. Kichakataji cha kisasa hupunguza kasi yake kinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na joto likizidi mashine hujizima ili kujilinda. Ikiwa hujizima baada ya dakika kadhaa za kazi nzito na huku feni zikivuma, anza na usafi wa swali la 10, kisha hakikisha feni zote zinazunguka. Mashine yenye miaka mingi huenda ikahitaji kupakwa upya ile krimu inayopitisha joto kutoka kwenye kichakataji, kwani hukauka. Kazi hiyo ni ya likizo, na asiyewahi kuifanya asimamiwe na mzoefu.

Ikijizima ghafla bila joto, hata ukiandika tu, shaka huhamia kwenye pawasaplai au kwenye umeme wa nyumba.

## Kasi

12. Kompyuta imekuwa nzito. Nianzie wapi?

Anza kwa kupima. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona ni nini kinachotumika kupita kiasi. Kumbukumbu ikikaribia asilimia 100, mara nyingi kisababishi ni kivinjari chenye vichupo vingi. Alamisha makala unazozihitaji, kisha uvifunge. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 hata hufanyi lolote, soma swali la 13, na ikiwa imeanza uzito huo ghafla, soma swali la 21. Kichakataji kikishughulika bila sababu, tafuta jina la programu inayokishughulisha. Huenda ni sasisho linalomalizika, huenda ni programu hasidi.

Dirisha hilohilo huonyesha programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, na nyingi kati yake zinaweza kuzuiwa bila hasara. Hakikisha pia diski ya mfumo haijajaa. Programu zinazojinadi kuwa huongeza kasi kwa mbofyo mmoja ziepukwe. Mara nyingi zenyewe ndizo mzigo.

13. Fedha zangu ni kidogo. Ninunue RAM au SSD?

Ikiwa mfumo endeshi bado uko kwenye diski ya sahani zinazozunguka, nunua SSD, wala usisite. Diski ya sahani hulazimika kusogeza kichwa chake hadi mahali kila kipande cha faili kilipo, na kuwasha mfumo ni kusoma maelfu ya vipande vidogo. SSD haina kitu kinachosogea. Hata SSD ya SATA, ambayo husoma takriban MB 550 kwa sekunde, hubadilisha kabisa tabia ya mashine ya zamani. Zile za NVMe husoma kwa kasi kubwa zaidi, ila ubao mama uwe na tundu lake, na kwa kuandika insha na kusoma PDF tofauti haionekani sana. Diski ya zamani, ikiwa nzima, hubaki kuwa ghala la mihadhara iliyorekodiwa.

Ikiwa SSD ipo tayari na kumbukumbu hujaa, ongeza RAM. GB 8 hutosha kwa maandishi na utafutaji wa kawaida, na GB 16 humpa nafasi anayechakata takwimu, kuhariri video au kuandika programu. Angalia kwanza kizazi: DDR3, DDR4 na DDR5 zina pengo mahali tofauti, hivyo haziingiliani, na anayelazimisha huvunja tundu.

14. Je, bado ninahitaji kupanga upya vipande vya diski?

Kwa diski ya sahani, Windows hufanya yenyewe kwa ratiba. Kwa SSD usifanye. Hakuna faida, na kuandika kusiko na sababu hupunguza maisha yake.

## Mfumo endeshi, programu na watu wa nyumbani

15. Kompyuta yangu ina Windows 10 na haikubali Windows 11. Niitupe?

Usiitupe. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai, pamoja na mengine, RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Kabla ya kukata tamaa, ingia kwenye mipangilio ya BIOS: mashine kadhaa zina TPM lakini imezimwa.

Kama haipo kabisa, Microsoft iliweka mpango wa kuongeza masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida hadi Oktoba 2026. Njia inayodumu zaidi ni Linux, kwa mfano Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni za bure na hujaribiwa kwa flashi bila kugusa diski. LibreOffice hutosha kwa insha na majedwali mengi. Lakini fanya uchunguzi kwanza: orodhesha programu ambazo masomo yako yanazitaka, maana AutoCAD, kwa mfano, haina toleo la Linux, na programu nyingi za kusimamia mitihani ya mtandaoni hukubali Windows na macOS pekee.

16. Rafiki ana programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Kuna ubaya gani kuitumia?

Mbali na uvunjaji wa sheria, anayevunja kufuli la programu hukuomba kwanza uzime antivirasi, kisha uiendeshe kazi yake kwa mamlaka yote ya mashine. Ukikubali hayo mawili, umemkabidhi mtu usiyemjua manenosiri yako na tasnifu yako. Uliza chuoni kuhusu leseni za wanafunzi, ambazo mara nyingi ni za bure, au tumia programu huria zinazofanya kazi hiyohiyo. Antivirasi inayokuja na Windows inatosha kwa wengi ilimradi haizimwi na masasisho hayacheleweshwi.

17. Ninatumia kompyuta moja na wadogo zangu. Nilindeje kazi zangu bila ugomvi?

Kila mtu awe na akaunti yake yenye nenosiri, na akaunti zote za matumizi ya kila siku, hata yako, ziwe za kawaida zisizo na mamlaka ya usimamizi. Akaunti ya usimamizi iwe ya pekee na nenosiri lake alijue mtu mzima mmoja au wawili. Kwa mpango huu mdogo wako akipakua mchezo wenye virusi, madhara mengi huishia kwenye akaunti yake. Mpango wa saa za matumizi ubandikwe ukutani, na wiki ya mtihani wa mmoja iheshimiwe na wote.

## Umeme, hitilafu na hali zisizo za kawaida

18. Umeme hukatika na kupandapanda. Ninunue kifaa gani?

UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa kompyuta umeme unapokatika. Soketi ya kuzuia mruko wa umeme hulinda dhidi ya umeme kupanda lakini haikupi muda. UPS hukupa dakika chache, na hizo zinatosha kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Katika kuichagua, soma wati na si VA (volti-ampea) pekee, kwa kuwa VA huwa ni namba kubwa zaidi na ndiyo hutangazwa. Kompyuta ya masomo isiyo na kadi kubwa ya picha, pamoja na skrini yake, mara nyingi hutumia chini ya wati 200. Chomeka humo kasha, skrini na ruta. Printa ya leza isichomekwe, kwani huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Betri ya UPS huchoka baada ya miaka michache na hubadilishwa. Radi ikianza, chomoa kila kitu, pamoja na kebo ya mtandao.

19. Kompyuta inawaka, feni zinazunguka, lakini skrini ni nyeusi.

Hakikisha skrini ina umeme na imechaguliwa tundu sahihi la kebo. Ikiwa kuna kadi ya picha, kebo ichomekwe kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Kama bado, chomoa umeme, toa vipande vya RAM, uvirudishe kwa uthabiti hadi vishikizi vilie, kisha jaribu kipande kimoja kimoja. Hatua hii moja hutatua visa vingi kuliko mtu anavyodhani, hasa baada ya kasha kuhamishwa. Ikitoa milio, ihesabu na utafute maana yake kwenye kijitabu cha ubao mama wako, kwa kuwa kila mtengenezaji ana mpangilio wake.

20. Saa inarudi nyuma kila ninapowasha, na tovuti zinasema si salama.

Betri ndogo ya ubao mama imekwisha. Kwa kawaida ni CR2032 ya volti 3. Tovuti hulalamika kwa sababu vyeti vyake vya usalama hupimwa kwa tarehe. Badilisha betri umeme ukiwa umechomolewa, kisha rekebisha saa.

21. Diski inatoa mlio wa kugongagonga. Niikague kwa programu ya kurekebisha?

Usiikague. Kukagua hulazimisha diski inayokufa kusoma eneo lake lote. Nakili kwanza kazi za muhula huu, kisha mengine kwa umuhimu wake. Ikiwa huna nakala na kilichomo ni cha thamani, zima na umpelekee mtaalamu wa kurejesha data bila kuiwasha tena.

22. Imeharibika usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Usifungue kasha. Ingia kwenye hifadhi yako ya mtandaoni kwa simu au kompyuta ya jirani, maliza kazi hapo, na mwandikie mhadhiri usiku huohuo, kabla ya muda kupita, ukieleza hali na kuambatisha ulichonacho. Hitilafu yenyewe ingoje mpaka kazi ifike.

23. Ninataka kuiuza au kuigawa. Nifute vipi?

Nakili unachokihitaji, ondoka kwenye akaunti zako zote, kisha tumia amri ya Windows ya kurejesha kompyuta katika hali ya mwanzo, ukichagua kuondoa kila kitu na kusafisha diski. Kuumbiza haraka hakutoshi kwa diski ya sahani, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 7. Diski iliyokufa, isiyoweza kufutwa, itolewe ubaki nayo, na mashine iende bila diski.